Wapenzi Wasiosemeshana

Jumapili, 24 Februari 1985. Nyasho, Musoma.

Nimepewa kazi ya kuandika, kwa hiyo nimeona nianze na daftari hili ili mkono uzoee. Ni la darasa la elimu ya watu wazima, liliandikwa kurasa sita tu mwalimu akahama.

Leo baada ya misa katekista Bernado alinisimamisha mlangoni mwa kanisa, Miriamu mgongoni, Wankyo ananivuta kitenge. Akasema, "Mama Wankyo, si wewe ndiye unawaandikiaga watu barua? Tuandikie mchezo wa Pentekoste. Wa mapenzi. Vijana wamechoka na watakatifu."

Nikamwambia mimi nimeishia la saba.

"Na mapenzi yameishia la ngapi? Andika."

Ila akatoa sharti, akalisema kwa sauti ili kwaya yote isikie. Watakaoigiza wapenzi lazima wawe mume na mke wa ndoa ya kanisa. "Sitaki kesho niletewe mimba niambiwe ilikuwa ya mchezo." Akina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wakaulizana nani, nani, mwisho wakawachagua majirani zangu, Wenceslaus wa kiwanda cha nguo na mkewe Dafroza. "Hiyo ndiyo ndoa ya mfano," katekista alisema.

Wote wawili waliitikia "Sawa" kwa pamoja. Mmoja anaangalia dirishani, mwingine anaangalia chini.

Wangekataa wangeulizwa sababu. Na sababu naijua mimi peke yangu hapa parokiani, kwa kuwa kati ya chumba chao na changu kuna ukuta mmoja. Wale watu hawajasemeshana tangu Novemba.

Jumatatu, 25 Februari

Niandike vizuri ilivyokuwa. Baba yake Dafroza alifariki Novemba huko Buswahili. Dafroza alitangulia na lori la pamba. Wenceslaus alisema anamaliza zamu anafuata. Hakufika. Mzee akazikwa, mkwe hayupo, na kwa sababu nguo zilikuwa hazipatikani popote walimfunga shuka yake ya kitandani yenye kiraka. Mkwe wake anafuma nguo! Dafroza aliporudi alimuuliza mara moja, "Ulikuwa wapi?" Mume akajibu, "Nilichelewa." Basi. Hakuongeza.

Kuanzia hapo wanaongea kupitia mtoto wao Kwangu, mwenye miezi minane.

"Kwangu, mwambie baba yako maji yake yako uani."

"Kwangu, mwambie mama yako nimesikia."

Kwangu anapiga makofi.

Mseti, kaka yake Dafroza, ameshatuma neno. Pentekoste anakuja Musoma. Kama hadi siku hiyo mkwe hajaeleza kwa nini hakumzika baba yao, anamrudisha dada yake nyumbani, ng'ombe watarudishwa, na ndoa imekwisha. Dafroza aliniambia hayo huku anachambua mchicha, hakunitazama.

Na Dafroza kwa upande wangu si jirani tu. Desemba nililazwa na homa ya matumbo, Miriamu ana wiki tatu. Dafroza alimchukua. Siku kumi na tisa, Kwangu ziwa la kulia, Miriamu la kushoto. Nilipotoka hospitali nilimkuta mwanangu ana mashavu. Kila nikimwogesha namshukuru Mungu, halafu namshukuru Dafroza, kwa mpangilio huo huo.

Jumatano, 27 Februari

Nimeanika. Mvua. Nimeanua. Jua. Nimeanika. Mvua.

Jumamosi, 2 Machi

Sehemu ya kwanza imeisha. Naandika saa nane mchana watoto wakilala. Kijana anaitwa Mugeta, msichana ni Nyamisi. Wanakutana kisimani, Mugeta anakwenda mbali kutafuta kazi, anaandika barua, anarudi, anasimama mlangoni kwake. Nimejitahidi maneno yawe matamu. Kisimani Mugeta anasema, "Ewe Nyamisi, macho yako ni nyota mbili za alfajiri."

Mume wangu Machage amerudi kutoka Kisorya anakonunua samaki, ameleta mbuta mkubwa wa kukausha. Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyo Mugeta ana shamba?"

"Mimi nakuuliza kama maneno ni mazuri."

"Mazuri. Ila mtu mwenye shamba hana muda wa kuhesabu nyota."

Kisha akamchukua Miriamu akamkata kucha kwa meno yake, kidole kimoja kimoja, hana haraka. Nimekaa namwangalia. Katika mchezo wangu wote hakuna kitu kizuri kama kile.

Jumatano, 6 Machi

Zoezi la kwanza, ukumbi wa nyuma ya kanisa. Aibu yangu.

Wenceslaus aliliambia dirisha, "Macho yako ni nyota mbili za alfajiri." Dafroza akamwambia Kwangu, "Moyo wangu wadunda, ee Mugeta." Kwangu akacheua.

Katekista akashika kichwa. "Mnasoma kama tangazo la kipindupindu!"

Mama mmoja wa kwaya akawatetea, "Ni haya, katekista. Wenye ndoa wakipendana sana wanaona haya."

Nilitamani ardhi inimeze.

Alhamisi, 7 Machi

Dafroza kaja naosha vyombo. Hakukaa.

"Mama Wankyo, zile nyota zitoe."

"Kwa nini?"

"Nina miaka sita ya ndoa, hakuna aliyeniambia nyota, na nilimpenda hivyo hivyo. Watu watacheka. Andika hivi. Nyamisi anakuta ndoo yake imeshajazwa. Anageuka, kijana anaondoka. Hajasema kitu."

Nikamuuliza, "Ndivyo ilivyokuwaga?"

"Nimesema andika, sijasema uliza."

Nimeandika. Ni fupi kuliko nyota, na imenikaa kifuani kutwa.

Jumapili, 10 Machi

Na mume naye kaja! Amesimama nje ya kizingiti kwa kuwa Machage hayupo, kofia mkononi.

"Shemeji, huyo Mugeta asimtwishe ndoo Nyamisi."

"Hamtwishi, anajaza tu, halafu anaondoka."

"Asiondoke. Asimame. Yule msichana ana kiburi, hataki kuomba. Na kijana naye hamtwishi mpaka aombwe. Ndoo ikae chini katikati."

"Mpaka lini, shemeji?"

Akafikiri. "Hapo ndipo sijui."

Nimegundua jambo. Hawa watu wanaongea. Wanaongea kwenye daftari langu.

Jumatano, 13 Machi

Siku hii nataka kuikumbuka nikiwa mzee.

Tuliweka ndoo ya kanisa ya kupigia deki katikati ya ukumbi, imejaa maji. Dafroza upande huu, Wenceslaus upande ule. Nimeandika neno moja tu kwenye karatasi: *Wasubiri.* Katekista alisoma akasema, "Hii si mchezo, hii ni foleni." Nikamwomba aache tuone.

Wakasimama. Dafroza akaangalia ndoo. Wenceslaus akaangalia ndoo. Kwaya nyuma walikuwa wanakula karanga, nikasikia karanga zimenyamaza. Dafroza akakunja khanga yake akaifanya kata, taratibu, akaiweka kichwani. Hakuomba. Ila kata imeshawekwa. Wenceslaus akashika mkono wa ndoo, hakuinua. Uso umemwiva. Nilisimama nimemkumbatia Miriamu mpaka akalia.

Mwisho Dafroza akainama kidogo. Kidogo sana, kama mtu anayepita mlango mfupi. Wenceslaus akainua ndoo, akamtwisha, maji hayakumwagika hata tone.

Hakuna aliyepiga makofi. Msichana mmoja wa sauti ya kwanza akasema, "Mama yangu wee."

Kule nyumbani nikatega sikio. "Kwangu, mwambie baba yako ugali tayari." Yale yale.

Jumapili, 17 Machi

Duka la kona wameleta sabuni. Si ya kuandikishwa kwa balozi, si ya foleni, ipo tu juu ya kaunta na mwenye duka anakukaribisha! Miaka mitatu nimefulia majani ya mpapai. Nimenunua mche mmoja nikaunusa njia nzima. Nimefua nguo zote pamoja na zilizokuwa safi.

Jumatano, 20 Machi

Sehemu ya barua. Nilikuwa nimeandika, "Nakupenda, Nyamisi, siwezi kulala." Dafroza kaitoa.

"Aulize kama paa linavuja."

Wenceslaus akaja siku ya pili. "Shemeji, ajibiwe kwamba linavuja, lakini upande wa pili, kitanda kiko pakavu."

Katekista analalamika. Anataka neno nakupenda lisemwe angalau mara moja, Padri atauliza mapenzi yako wapi. Nikamwambia yako kwenye paa.

Jumatatu, 25 Machi

Meno ya Miriamu. Sijalala. Mvua.

Jumamosi, 30 Machi

Leo nimefanya kitu, sijui kama ni kizuri.

Imebaki sehemu ya mlangoni, Mugeta anarudi. Kila mmoja nimemuuliza anataka iweje. Dafroza hajibu. Wenceslaus kasema, "Aje mikono mitupu. Amechelewa. Asiseme kwa nini." Nikamwambia watu watataka kujua kwa nini. Akavaa kofia akaondoka.

Nimewasubiri wiki nzima. Pentekoste inakuja, Mseti anakuja. Basi nimemwandikia Mugeta mimi mwenyewe: "Nyamisi, nilikosa. Siku ya msiba wako sikuwepo. Nisamehe." Nimempelekea Dafroza karatasi yake. Akasoma mara mbili. Akauliza, sauti ndogo, "Ni yeye kasema uweke hivi?"

Nikasema, "Ndiyo."

Jumapili, 7 Aprili. Pasaka.

Kristo amefufuka. Dafroza amekaanga mbuta kwa mafuta yake mwenyewe, harufu imejaa ua mzima. Na kupitia ukutani nimesikia kwa masikio yangu: "Chumvi inatosha?"

Hakusema Kwangu mwambie baba yako. Alimuuliza yeye.

Kimya. Halafu Wenceslaus: "Inatosha."

Nimelia kwa furaha. Halafu nikaogopa, kwa kuwa Jumatano ndiyo anapewa karatasi yake.

Alhamisi, 11 Aprili

Jana. Nimeshindwa kuandika jana.

Wenceslaus alipokea karatasi ukumbini, akasoma kimoyomoyo. Akamtazama mkewe. Nikaelewa mara moja alichofikiri. Alidhani ni Dafroza aliyetaka apigishwe magoti mbele ya kwaya. Akaikunja karatasi mara nne. "Katekista, leo koo limenikwama." Akatoka.

Dafroza hakunifokea mbele ya watu. Alinisubiri kwenye bomba.

"Mama Wankyo, yale maneno ni ya nani?"

Ningeweza kudanganya tena. Nikasema, "Yangu."

"Yote?"

"Yote."

Akaweka ndoo chini. "Mimi nilimkaangia samaki kwa maneno yako."

Akaendelea, na hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. "Miezi mitano nangojea neno la mume wangu. Likija kidogo, likija baya, nilikuwa niko tayari. Wewe ukaniletea la kwako, nikalishika kama lake, nikafurahi. Unajua nilivyofurahi? Nilivaa khanga mpya. Sasa hata akisema kweli, nitajuaje si wewe?"

Akajitwisha mwenyewe, akaondoka.

Nimewaza usiku na mchana nilidanganya kwa nini. Ningesema ni kwa kumpenda, kwa ajili ya maziwa. Si kweli yote. Nilichoka. Nilichoka kukaa karibu na ule ukimya wao, nikataka uishe ili mimi nipumzike. Na nilipendezwa na kalamu. Nilikuwa nimeona ndoo ikiinuliwa, nikadhani ni mimi niliyeiinua.

Jumapili, 14 Aprili

Sasa Kwangu ana kazi mbili. "Kwangu, mwambie mama Wankyo kamba ya kuanikia naihitaji."

Wankyo ameniuliza, "Mama, Kwangu anajua kuongea?"

Jumamosi, 20 Aprili

Machage amerudi, nimemweleza yote. Sikutaka anipoze na hakunipoza. Akasema, "Kaombe radhi. Si kesho." Akabaki na watoto wawili, akaunguza ugali.

Nimekwenda. Nilimkuta anapepeta mtama. Nikamwambia, "Nilikudanganya. Nilichoka na ukimya wenu nikatafuta njia fupi. Wewe ulimpa mwanangu maziwa ya kweli, mimi nikakupa maneno ya uongo. Nisamehe. Na usiponisamehe leo, nitakuwa hapo hapo upande wa pili wa ukuta, sihami."

Akapepeta. Makapi yananirukia. Baada ya muda akamtoa Kwangu mgongoni akanipa nimshike, akaendelea na kazi. Nimekaa naye mpaka ungo ukaisha.

Nimeshukuru kwa hicho hicho.

Jumatano, 24 Aprili

Mazoezi yameendelea bila sehemu ya mlangoni. Kisimani wanafanya vizuri kupita kiasi, hata wapita njia wanasimama dirishani. Nimeanza kuelewa. Si kwamba hawapendani wakaigiza kupendana. Wanapendana wakakosa mahali pa kushikia.

Jumapili, 28 Aprili

Nimemwomba radhi Wenceslaus pia, Machage akiwepo, tumekaa watatu kwenye benchi la nje. Nikamwambia yale maneno hayakutoka kwa mkewe, ni mimi. Akavua kofia akaiweka gotini. Nilikuwa namwona mtu huyu kama jiwe. Leo nimeona kidevu chake kinatetemeka.

Akasema, "Shemeji, andika hivi. Mugeta hakuchelewa kwa uvivu."

"Alichelewa kwa nini?"

"Alikuwa amebeba kitambaa."

Na ikatoka yote, anasema Mugeta, Mugeta, mpaka katikati akasahau akasema mimi. Siku ile ya msiba, msimamizi mmoja pale kiwandani alimwonea huruma akampa marekani nyeupe, mita sita, amfanyie mkwe sanda. Alimpa kwa mkono, bila karatasi. Wenceslaus akaifunga chini ya shati akapanda lori. Kabla ya kufika Butiama kuna kizuizi. Wakati ule nguo bila risiti ni ulanguzi. Wakamvua shati mbele ya abiria, wakamfunga mikono, wakamweka siku mbili kwenye banda. Walimwuliza nani kakupa, hakusema. Walipomwachia, kitambaa hakipo na mzee ameshazikwa jana yake.

"Ningefika nimwambie nini mama mkwe? Nimechelewa, na mikono mitupu, na nimefungwa kama mwizi wa nguo? Nikageuka. Nilitembea mpaka Musoma."

Machage akauliza, "Na mkeo hujamwambia?"

"Nikimwambia atamwambia kaka yake kunitetea. Kaka atasema mezani. Kesho kiwandani wanajua. Yule msimamizi ana watoto saba. Afukuzwe kwa kunisaidia kuzika?" Akanigeukia. "Mwambie wewe, shemeji. Kimya kimya. Au iweke kwenye mchezo, ataelewa."

Mungu anisamehe, mdomo ulishafunguka kusema sawa. Nikakumbuka samaki.

Nikasema, "Hapana. Ya uongo nilibeba yakanishinda, na haya ya kweli sibebi. Ni yako. Dafroza ana haki ya kuyasikia kwako, na atajua ni yako kwa kuwa yatatoka kwenye mdomo wako."

"Mbele ya watu?"

"Utajua mwenyewe wapi."

Nimerudi ndani nikaandika sehemu ya mlangoni. Mugeta anasimama mlangoni. Halafu nimeacha mistari minne mitupu. Halafu Nyamisi anasema, "Ingia ndani, utalowa." Mwisho.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Hakuna zoezi. Wankyo kameza kokwa la ubuyu, limetoka.

Alhamisi, 9 Mei

Jana zoezi la mlangoni.

Tulisimamisha mlango wa zamani wa sakristia ukumbini, ukashikiliwa na vijana wawili. Dafroza ndani, Wenceslaus nje. Mimi nimepakata watoto wote wawili. Katekista kasoma karatasi, akaona mistari mitupu. "Hapa mama Wankyo umelala?"

"Hapo atasema mwenyewe."

Saa kumi na nusu mvua ikaja. Si mvua ya kawaida, ile ya kutoka ziwani inayotupwa kama kokoto. Ukumbi ule ni bati tupu, hauna dari. Ukiwa ndani mvua ikipiga, mtu aliye mbele yako anachezesha midomo tu. Katekista akapunga mikono kwamba tuache, tungoje.

Wenceslaus hakungoja. Akaingia hatua moja, akaanza kusema.

Hatukusikia hata neno. Tuliona tu. Alifungua mikono kupima kitu, mara moja, mbili, tatu, kama mtu anayepima nguo. Akashika shati lake tumboni. Akaweka viganja pamoja, kifundo juu ya kifundo, akavinyanyua mbele yake. Alikaa hivyo. Nilimwona Dafroza anapeleka mkono mdomoni. Katekista anapiga kelele, nadhani alikuwa anasema ongeza sauti. Wenceslaus hakuongeza. Alikuwa anasema polepole, kwa mtu mmoja, na juu ya vichwa vyetu bati lote linanguruma.

Akina mama wananiuliza sikioni, "Anasema nini? Anasema nini?"

"Sijui," nikasema. "Mvua."

Ikapungua ghafla kama inavyokujaga. Tukasikia neno moja la mwisho: "Basi."

Katekista akapumua. "Wenceslaus, hatukusikia kitu! Rudia kuanzia mwanzo!"

Dafroza akasema, "Hatarudia."

Ukumbi wote ukamgeukia. Tangu Novemba hakuwahi kumjibia mumewe. Hakusema Ingia ndani, utalowa. Alipita pembeni ya ule mlango, akaja akachukua mtoto, macho mekundu, na kwa kuchanganyikiwa alimchukua Miriamu akaniachia Kwangu. Akatoka kwenye manyunyu.

Nilimfuata kubadilisha. Hakusema lolote juu ya kile alichosikia, nami sikumuuliza. Alisema tu, "Yule kweli hukumwandikia."

"Kweli."

"Najua," akasema.

Jumapili, 12 Mei

Kimya upande wa pili. Hata Kwangu hatumwi. Huu ni ukimya mwingine, sijui ni upi. Hawamtafuti mtoto wa kumtuma na hawajapata pa kuanzia.

Jumamosi, 18 Mei

Machage ameleta furu, vile visamaki vidogo, wabichi. Dafroza amekuja kuazima kikaango, bila kumpitia Kwangu. "Mama Wankyo, naomba kikaango." Nilikitafuta nikacheka mwenyewe jikoni.

Jumatatu, 27 Mei

Jana Pentekoste. Mikono inauma kwa kupika na bado naandika.

Jua kali, hakuna wingu. Watu walijaa mpaka kwenye madirisha. Mseti alikuwa benchi la tatu, mtu mrefu, koti la mtumba limembana mabegani, fimbo kati ya magoti. Alikuja Jumamosi, akalala kwa binamu yake. Kwa dada yake alikataa hata chai. Alisema anaona mchezo kwa heshima ya Padri, kisha anaondoka na Dafroza.

Kisimani walishangiliwa. Barua, watu walicheka kwenye paa, halafu wakaacha kucheka. Ikaja mlango.

Wenceslaus akasimama. Mistari minne. Jana hakukuwa na mvua ya kumficha, na kwenye benchi la mbele wamekaa watu wa kiwandani, yule msimamizi pengine ni mmojawapo, sijui na sitaki kujua. Nilijua hawezi kusema. Akasimama mikono imening'inia. Nikahesabu pumzi zangu. Mtu wa nyuma akasema, "Kasahau maneno!" Mseti akashika fimbo kama anayetaka kunyanyuka.

Dafroza akatoka. Karatasi inasema abaki ndani. Alitoka, akavuka kizingiti, akasimama upande ule ule na mumewe, bega kwa bega, wakatutazama sisi wote. Akasema kwa sauti iliyofika barabarani:

"Huyu alikuja. Alizuiwa njiani. Mimi nimeshajua, na imenitosha."

Halafu akamgeukia, na ile sasa haikuwa ya kwetu: "Ingia."

Vigelegele! Kwaya waliruka, katekista anafuta macho kwa stola, haikuwa yake. Watu walidhani ni mchezo. Ni mchezo, sikatai. Ila mimi nilikuwa namwangalia Mseti. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya fimbo. Kisha alitoka nje, akamwita shemeji yake kwa kidole. Walikwenda nyuma ya kanisa wawili tu. Nilishika mkono wa Dafroza, wa baridi kama samaki.

"Atamwambia?" nikauliza.

"Kitu kile atakisema mwenyewe au hatakisema. Mimi sisemi." Akanitazama. "Na wewe husemi."

"Sisemi."

Walikaa muda wa mtu kumaliza rozari. Waliporudi, Mseti alikuwa mbele, uso wake sikuweza kuusoma. Alifika kwa Dafroza, akamchukua Kwangu, akamrusha juu kidogo. "Jumatano tunakwenda Buswahili," akasema.

Dafroza akaniminya mkono mpaka mfupa.

"Wote," Mseti akasema. "Na huyu. Atafika kaburini, mama amwone. Machozi yake hajamwaga."

Kisha akaomba chai.

Jumatano, 29 Mei

Wameondoka na basi la asubuhi. Wenceslaus alivaa shati alilofulia mkewe kwa sabuni, limenyooka. Hakuna kizuizi siku hizi, kondakta kasema, mnapita tu. Nimewapungia mpaka vumbi.

Machage hayupo. Ua mzima kimya. Nimeshukuru na nimewakumbuka, vyote kwa pamoja.

Ijumaa, 31 Mei

Katekista anataka mchezo wa Krismasi. Nimemwambia nitaandika, ila wapenzi awaache waseme yao. Kasema mimi nina kiburi cha waandishi.

Alhamisi, 6 Juni

Mtama wa uani umekomaa. Mvua zimekwisha kabisa, upepo umegeuka. Miriamu amekaa mwenyewe bila mto.

Jumapili, 9 Juni

Wamerudi jana jioni na mfuko wa unga na jogoo aliyefungwa miguu. Dafroza alinisalimia kwa kunikumbatia, akasema tu, "Mama amemshika mkono," akaingia ndani.

Leo alfajiri niliamshwa na ugomvi ukutani.

"Nilikwambia umfungie jikoni!"

"Jikoni gani, mama Kwangu, si ulisema ananuka?"

"Nilisema ananuka, sikusema alale juu ya nguo zangu! Angalia! Angalia hiyo khanga!"

"Si utafua, sabuni ipo."

"Nifue mimi? Wenceslaus! Jogoo ni wako, mavi ni yake, nifue mimi?"

"Basi nitafua."

"Utafua nini wewe, hujui hata kusuuza!"

Wankyo akaamka akauliza mbona wanapiga kelele. Nikamwambia nyamaza, mama anasikiliza. Nimelala pale, Miriamu kifuani, nimesikiliza neno kwa neno mpaka jogoo mwenyewe akawika.